Kadeti wa Sitaha: Jinsi ya Kujituma Bila Kuruka Ngazi

Kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa wa meli, anapopanda meli yake ya kwanza, iwe ameipandia gatini Tanga au katika bandari nyingine yoyote, anaingia mahali ambapo kila mtu ana kazi yake isipokuwa yeye. Kwa kawaida hahesabiwi hata katika hati inayotaja idadi ya chini ya mabaharia wanaotakiwa ili meli iruhusiwe kusafiri, na hakuna vali, winchi wala kitufe kilicho chini ya mamlaka yake. Wakati huohuo anatarajiwa kuonyesha, ndani ya muda mfupi, kwamba siku moja ataweza kusimama zamu na kukabidhiwa roho za watu. Mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, unaohusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, kama ulivyorekebishwa Manila mwaka 2010, unamtaka kadeti aliye katika mafunzo yaliyoidhinishwa awe na huduma ya baharini isiyopungua miezi 12, na ndani yake miezi isiyopungua 6 ya kazi za zamu darajani chini ya usimamizi wa nahodha au afisa mwenye sifa. Ni katika miezi hiyo anapojifunza jambo lisilopimika kwa mtihani wa darasani, yaani kujiongeza bila kumpora mwingine mamlaka yake.

Ninaloshikilia katika mwongozo huu ni kwamba kujituma kwa kadeti kumo katika kuona mapema, kutayarisha mapema na kusema mapema. Uamuzi na tendo anamwachia yule atakayeulizwa mambo yakiharibika. Kadeti akilielewa hili vizuri, atagundua kwamba ngazi ya amri haimbani hata kidogo. Anaweza kufanya mengi sana kila siku na bado asimkanyage mtu yeyote.

Ijue ngazi yenyewe

Juu ya wote yuko nahodha, na mamlaka yake juu ya usalama wa meli hayapunguzwi na mtu yeyote, hata rubani wa bandari anapokuwa darajani akiiongoza meli kuingia ghuba ya Tanga. Chini yake, kwa upande wa sitaha, yuko afisa wa kwanza, ambaye mabaharia wengi humwita chifu. Yeye ndiye mwenye shehena, matengenezo ya sitaha na, katika meli nyingi, mafunzo ya makadeti. Afisa wa pili hushughulikia ramani na mipango ya safari, na afisa wa tatu kwa kawaida hutunza vifaa vya uokoaji na vya kuzimia moto. Serahangi huwaongoza mabaharia wa sitaha kwa maagizo ya chifu.

Linalowachanganya makadeti wapya ni kwamba ngazi hii ina sura mbili. Kwa kazi za mchana na mafunzo, bosi wako ni chifu. Kwa muda wote ulio zamuni, bosi wako ni afisa wa zamu, hata kama ni afisa wa tatu aliyepata cheti mwaka jana, kwa sababu wakati huo yeye ndiye anayemwakilisha nahodha. Siku yako ya kwanza melini omba kusoma maagizo ya kudumu ya nahodha, na kila jioni soma kitabu cha maagizo ya usiku. Humo nahodha ameandika ni wakati gani anataka kuamshwa: ukungu ukishuka, meli zikisongamana, mtambo ukisumbua, au afisa akiwa na shaka yoyote. Kadeti aliyekwisha kusoma maagizo hayo hana haja ya kukisia mipaka yake.

Serahangi anahitaji neno la peke yake. Mara nyingi ni mtu wa umri wa baba yako, amekaa baharini kabla hujazaliwa, na bado kwa karatasi siku moja utakuwa juu yake. Leo huko juu yake. Kama ni Mswahili mwenzako, mwamkie shikamoo kila asubuhi kama unavyomwamkia mzee yeyote mtaani kwenu Chumbageni au Ngamiani, kisha umsikilize. Kadeti hana mamlaka ya kuwaamrisha mabaharia. Chifu akikutuma ujumbe, mtaje mwenye amri: “Shikamoo mzee. Chifu anaomba mfuniko wa chumba cha shehena namba mbili ufunguliwe saa moja.” Ukisema tu “fungueni namba mbili,” umejivika cheo usichopewa, na serahangi atakukumbusha hilo mbele ya watu wote.

Zamu ya gatini usiku wa bamvua

Tangu gati la Tanga liongezwe kina hadi mita 13, meli ambazo zamani zingetia nanga mbali na kushusha mizigo kwa matishari sasa zinafunga gatini zenyewe. Kwa kadeti, hii ina maana ya zamu nyingi za gatini, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunza tofauti kati ya kujituma na kuruka ngazi.

Chukua usiku wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, ambapo meli inashusha shehena huku maji yakijaa. Mambo hayo mawili yanainua meli kwa pamoja. Maji ya bamvua katika pwani hii hupanda kwa mita tatu hivi au zaidi katika muda wa saa sita, kwa hiyo kamba zilizokaa vizuri wakati wa maji kupwa zitakuwa zimekaza mno kabla maji hayajajaa, hasa kamba za ubavuni, ambazo ni fupi na hazina nafasi ya kunyooka. Ngazi ya kupandia meli nayo itakuwa imeinuka kupita mwinamo unaokubalika.

Kadeti mzembe atasubiri hadi afisa aone mwenyewe. Kadeti mwenye pupa atakwenda kwenye winchi na kulegeza breki, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kulegeza kamba moja huhamishia uzito kwenye kamba nyingine, na mtu asiyejua zipi zimeguswa na zipi bado anaweza kuisogeza meli kutoka gatini huku kreni ikiwa na shehena hewani na makuli wako chini yake.

Kadeti ninayemtaka mimi alianza kazi kabla ya zamu. Amefungua jedwali la maji na kuandika katika daftari lake saa ya maji kujaa na saa ya kupwa. Ameshuka gatini na kusoma alama za drafti, yaani kina ambacho meli imezama majini, omoni (mbele), katikati na tezini (nyuma). Tarakimu hizo zina urefu wa sentimita 10, na usawa wa chini wa tarakimu ndio unaoonyesha kipimo chenyewe, kwa hiyo maji yakifika katikati ya tarakimu anajua aongeze sentimita 5. Ameyaandika masomo hayo pamoja na saa. Amepita kwenye kila kamba akiitazama kwa kurunzi, bila kusimama kwenye mstari ambao kamba ikikatika ingerudi kwa kishindo. Kisha anamwendea afisa wa zamu na kusema: “Afisa, kamba za ubavuni za tezi zimekaza, na maji yataendelea kujaa hadi saa kumi. Naona zitahitaji kulegezwa ndani ya nusu saa hii. Nimuite serahangi?”

Tazama yaliyomo katika maneno hayo machache. Amesema alichokiona, amesema kinamaanisha nini kwa muda ujao, amependekeza hatua, na ameuacha uamuzi kwa mwenyewe. Afisa hahitaji kumhoji, anahitaji tu kukubali au kukataa. Akikubali, kadeti anarudia agizo kwa sauti ili wote wawili wawe na hakika kwamba lililosemwa ndilo lililosikika, na kazi ikiisha anarudi kusema kwamba imekwisha. Taarifa ya kumaliza ndiyo makadeti wengi huisahau, na ndiyo inayomfanya afisa amwamini mtu, kwa sababu inamwondolea haja ya kwenda kukagua.

Afisa akisema “subiri,” subiri, lakini usikae. Rudi kwenye kamba baada ya dakika kumi, soma drafti tena, na uje na kipimo kipya. Ukirudi na taarifa mpya unamsaidia afisa kuamua. Ukirudi na maneno yaleyale unabishana naye.

Hapohapo kwenye ngazi ya meli kuna mtihani mwingine unaowapata hasa vijana wa Tanga wanapokuwa nyumbani. Mjomba anafika getini na kitambulisho cha bandari, yuko na rafiki yake, na wanataka kupanda kidogo tu kuiona meli ya mtoto wao. Tangu kanuni za usalama wa meli na bandari za ISPS zianze kutumika mwaka 2004, kila anayepanda anapaswa kuwa na sababu, kutambuliwa na kuandikwa. “Shikamoo mjomba. Naomba unisubiri hapa chini nimuulize afisa wa zamu.” Maneno hayo yana heshima kwa pande zote mbili. Afisa akikataa, jibu ni la afisa, na wewe utamwona mjomba jioni ukipata ruhusa ya kushuka.

Darajani katika Mkondo wa Pemba

Kanuni ya 5 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 inaitaka kila meli iwe na uangalizi unaofaa kwa macho, kwa masikio na kwa njia zote zilizopo. Kadeti aliyekulia pwani hii ana jambo la kumpa afisa aliyetoka mbali. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa hutoka na taa, na anayewajua anajua kwamba karibu na chombo chenye taa kali panaweza kuwa na chombo kingine kisicho na taa, na nyavu zikiwa majini. Liseme hilo mwanzoni mwa zamu, kabla taa ya kwanza haijaonekana: “Afisa, leo ni giza. Tukikaribia pwani huenda tukakuta wavuvi wa dagaa. Wengine huwa hawana taa na hawaonekani kwenye rada.” Umejituma kikamilifu, na hujagusa kitu.

Mwanga ukionekana, utaje upande wake, ukubwa wa pembe kutoka omo na jinsi unavyoonekana, hata kama unadhani afisa ameshauona. Akijibu “nimeuona,” hajakukaripia. Usiguse usukani wa kujiendesha, usiite mtu kwenye redio ya VHF, na usibadilishe mpangilio wa rada anayoitumia afisa, kwa sababu anaweza kuwa katikati ya kupima mwendo wa chombo kingine. Kama kuna rada ya pili, omba ruhusa ujifunzie hapo.

Kazi nzuri ya kujitakia darajani ni kuandaa mpango wako wa safari, tuseme kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kwa karatasi yako mwenyewe, bila kuugusa mpango rasmi, kisha kumwomba afisa wa pili aulinganishe na wa kwake akiwa na nafasi. Utakapokuta mistari yenu inatofautiana, muulize sababu yake. Sijaona afisa anayeudhika kwa swali la namna hiyo, ilimradi hukumletea wakati rubani anapanda.

Mambo yasiyosubiri ruhusa

Kuna matukio machache ambayo ngazi yenyewe inakuagiza utende kwanza. Ukimwona mtu ameanguka baharini, mrushie boya, piga kelele na umwelekezee kidole bila kuondoa macho, kwa maana kichwa cha mtu hupotea upesi kati ya mawimbi. Ukiona moto, piga kengele ya tahadhari kabla hujashika kizimia moto. Ukiona mtu yuko chini ya mzigo unaoning’inia, au kamba inakaribia kukatika na watu wapo karibu, paza sauti ya “Simama!” hata kama anayeongoza kazi ni chifu mwenyewe. Afisa wa kweli hatakuuliza ulipata wapi ruhusa.

La nne ni kinyume cha hayo, na naliandika kwa uzito wote nilio nao. Ukimwona mwenzako amelala chini ndani ya tangi au chumba kilichofungwa, usishuke. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, lakini kutu ya chuma katika tangi lililofungwa huila, na shehena kama mbata, mbao na makaa ya mawe huipunguza pia, bila harufu wala dalili ya kukuonya. Mabaharia wengi waliokufa katika vyumba hivyo walikuwa wakimfuata aliyetangulia kuanguka. Ni kwa sababu hiyo kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka, tangu mwaka 2015, mazoezi ya kuingia na kuokoa katika vyumba hivyo yafanyike kila baada ya miezi miwili. Piga kengele, kaa mlangoni, hesabu watu, na mzuie anayetaka kurukia ndani hadi kikosi chenye vifaa vya kupumulia kifike. Siku hiyo, hiyo ndiyo kazi ya kishujaa kuliko zote, na kadeti anaiweza.

Amri inapokutia shaka

Heshima kwa ngazi ya amri haimaanishi kunyamaza. Marekebisho ya Manila yaliweka uongozi na kazi ya pamoja kati ya umahiri anaopimwa afisa wa zamu, na sehemu ya umahiri huo ni kuhoji uamuzi na kukubali kuhojiwa. Namna ya kuhoji ndiyo inayojifunzwa. Anza kwa kurudia amri kama ulivyoisikia, maana mara nyingi kosa liko masikioni mwako, hasa mnapozungumza Kiingereza ambacho si lugha ya nyumbani ya yeyote kati yenu. Kama umesikia sawa, sema unachokiona kwa namba au kwa jina: “Afisa, kipimo cha oksijeni cha tangi hili sijakiona kwenye kibali cha kazi.” Usiseme “hii ni hatari” peke yake, kwani neno hilo linabishika na namba haibishiki. Kama bado anasisitiza na maisha ya mtu yako hatarini, sema wazi kwamba huwezi kufanya kazi hiyo hadi nahodha ajulishwe, na useme kwa sauti ya chini, mbele yake, kabla hujaenda popote. Kumpita mtu kwa siri na kumpita kwa kumwambia ni mambo mawili tofauti kabisa machoni pa mabaharia.

Na ikiwa afisa wa zamu ameanguka, amesinzia na haamki, au hayupo darajani, mpigie nahodha simu mara moja. Hapo hujaruka ngazi. Ngazi imekatika, na aliyebaki juu yako ni yeye.

Amri mbili zinazogongana ni jambo la kila wiki. Chifu amekuambia upake rangi vifuniko vya sitaha, na afisa wa pili anakuita darajani kusahihisha ramani. Usichague. Mwambie afisa wa pili: “Chifu amenipa kazi ya rangi hadi saa sita. Nimwombe ruhusa, au utazungumza naye?” Wenye vyeo wataamua wao kwa wao ndani ya dakika moja. Vivyo hivyo, nahodha akikutana nawe ujiani na kukutuma moja kwa moja, fanya alichosema, kisha mjulishe chifu ili asije akakutafuta mahali ulipotakiwa kuwa.

Kadeti wa mitambo afuate hayohayo, ila aongeze tahadhari moja: katika chumba cha injini asifungue wala kufunga vali yoyote kwa kudhani anaijua. Aifuatilie bomba kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, aichore, amwonyeshe mhandisi wa zamu mchoro wake, ndipo aombe.

Ngazi ikiharibika yenyewe

Yote niliyosema yanadhani kwamba walio juu yako ni watu wa haki. Wengi wako hivyo. Lakini ukipigwa, ukitukanwa kila siku, ukiguswa isivyofaa au ukitakiwa kutoa rushwa ili kitabu chako cha mafunzo kisainiwe, huna deni la ukimya kwa mtu yeyote. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unataka kila meli iwe na utaratibu wa malalamiko wa ndani, unampa baharia haki ya kwenda moja kwa moja kwa nahodha na hata kwa mamlaka za nje, haki ya kusindikizwa na mwenzake, na unakataza kulipiziwa kisasi. Kanuni za ISM, za usimamizi wa usalama wa meli, nazo zinaitaka kampuni iwe na mtu maalumu wa nchi kavu anayeweza kuonana na uongozi wa juu kabisa. Jina na simu yake huwa zimebandikwa melini, na ni vyema uyaandike siku unayopanda, kabla hujayahitaji. Kwa kijana wa Tanzania Bara, chuo kilichomtuma na TASAC (shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini) ni milango mingine. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, na uandike siku ileile.

Usingizi, kitabu cha mafunzo na wiki ya mwisho

Wako wanaodhani kujituma ni kukesha. STCW inataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku 7, na kadeti naye ana haki hiyo. Kadeti anayesinzia kwenye kamba ni mzigo kwa wenzake, na kumbukumbu za mapumziko zilizoandikwa uongo kwa ajili yake humtia chifu matatani siku ya ukaguzi. Ukiombwa kuongeza saa na umefika ukomo, onyesha karatasi yako ya saa, kwa adabu, na uache chifu apange upya.

Kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kisisubiri mwisho wa mkataba. Kila Jumapili chagua kazi mbili au tatu za wiki inayokuja, mwonyeshe chifu, na umuulize ni lini meli itakuwa na nafasi ya kuzifanya. Usiombe saini ya kazi uliyoitazama tu huku kitabu kinasema uifanye. Wiki ya mwisho kabla ya kushuka, mwombe chifu akutajie kazi ambazo hakuwa tayari kukuachia mikononi na sababu zake, uziandike kwa maneno yake, na karatasi hiyo umpe afisa wa mafunzo wa meli inayofuata siku ileile unayopanda.